Sijda Ndefu

Rukia, binti yangu,

Mama yako amenimalizia maneno yote. Tangu asubuhi namsikia: pasipoti isikae kwenye begi kubwa, mafuta ya nywele yafungwe kwa nailoni, msimamizi wa hoteli akikukaripia usimjibu kwa macho yako hayo. Ameniachia nafasi ndogo kama ile anayoniachia kitandani. Basi nimeamua kuitumia kwa jambo moja, lile ambalo nyumba hii nzima imekuwa ikilizunguka tangu ulipopata kazi ya Doha.

Hujapimwa moyo.

Usiikunje barua hii bado. Nakuandikia kwa sababu tukizungumza unanishinda. Unasema, "Niko poa mzee, wacha stori," unacheka, mimi nacheka, na mambo yameishia hapo. Mtu aliyeuza viatu soko la Gikomba tangu kabla hujazaliwa angetegemewa kujua kubishana, lakini kwako wewe nauza kwa bei ya kutupa. Karatasi haichekeshwi. Na sasa umekwenda Buruburu kumuaga shangazi yako, na namjua dada yangu, hatakuachilia kabla hujala mara mbili. Nina alasiri nzima, meza ya jikoni, na mama yako anayepitapita akijifanya anatafuta chumvi.

Habari ya ugonjwa wangu umeiona, lakini uliiona ukiwa mtoto, na kutoka pembeni. Nataka uione kutoka ndani, hata kama nitaonekana mjinga. Umeshazoea.

Kabla ya yote hayo nilikuwa mtu wa swala za mbio. Ustadh Bakari, imamu wetu, alikuwa akinitania kwamba nasali kama mtu aliyeacha duka wazi, nami nilikuwa nimeacha duka wazi kweli. Salamu upande huu, salamu upande ule, na kabla watu hawajaanza uradi mimi niko mlangoni natafuta ndara zangu.

Ugonjwa wenyewe ulikuja kama wageni wasiojuana. Kwanza magoti na vidole. Yule wa duka la dawa akasema baridi yabisi, akanipa ya kupaka, nikanuka pilipili mpaka wateja wakawa wanapiga chafya. Kisha homa, kila jioni, ndogo tu, ya kukunyima raha bila kukulaza. Nikatibiwa malaria. Haikupoa, nikatibiwa homa ya matumbo. Nikakonda, mama yako akapunguza suruali zangu kiunoni, akasema nimekuwa kijana tena, ila uso umekataa kufuata. Halafu vikatokea vidoa vyekundu kwenye ncha za vidole. Unajua mimi hupaka viatu rangi kabla ya kuvianika mbele, basi nikasema ni rangi. Nikavisugua kwa mafuta ya taa. Vikatoka vingine. Nikavisugua navyo.

Na ulimi. Hili sikumwambia mtu. Kuna mama mmoja alikuja kununua viatu vya shule vya mwanawe, akataja bei yake, nami nikafungua mdomo kumjibu nikakuta maneno hayapo. Nayajua, nayaona, lakini hayashuki mdomoni. Nikabaki namkodolea macho. Yule mama akadhani nimekasirishwa na bei, akaongeza. Nikaendelea kunyamaza, akaongeza tena. Maneno yalirudi akiwa ameshalipa na kuondoka, na badala ya kuogopa nilicheka peke yangu, nikajiambia kumbe miaka yote hii nimekuwa nikiongea bure.

Lakini mambo hasa yalikuwa katika kuinuka na kulala. Nikilalia ubavu wa kushoto nilikabwa. Nikisimama ghafla, giza. Siku nyingine nasimama vizuri kabisa, mpaka nikaamini nimepona, kisha nainuka kwenye kiti na dunia inazimwa kama taa. Sasa nikagundua kitu. Nikisujudu, paji la uso likigusa mkeka, kifua kilifunguka. Mahali pekee nilipovuta pumzi ikafika chini ni pale, kichwa kikiwa chini ya moyo. Na nilijua nikiinuka tu nitaipoteza.

Basi sikuinuka. Nilibaki pale pale chini. Nikawa mtu wa mwisho kuinua kichwa msikitini, kila siku.

Unaona palipoelekea. Watu wa mtaa wetu wa Majengo wakaanza kusema Athumani amerudi kwa Mola wake. Wazee walionijua nikicheza karata nyuma ya soko wakawa wananipa mkono kwa mikono miwili. Wamama wakaja kununua viatu kwangu wakiamini mtu wa sijda ndefu hawezi kuwauzia soli iliyogundishwa. Hata Ustadh Bakari aliacha kunitania, akaniuliza siku moja, kwa sauti ya chini, nilikuwa naomba nini muda wote ule. Nikainamisha macho. Nikamwambia hayo ni baina ya mja na Mola wake.

Sikumdanganya, Rukia, ila nilimwacha ajidanganye. Nilikuwa naomba pumzi. Lakini hakuna aliyewahi kunisifu maishani kwa jambo lolote zaidi ya bei nafuu, na ile sifa ilinoga.

Wewe peke yako ndiye uliyeniona. Nilikuwa nasali pale sebuleni, ukatoka chumbani na vitabu vyako vya sekondari, ukanikuta nimeinuka na nimeshika ukuta, jasho linatoka. Ukaniuliza, "Baba, mbona unashika ukuta?" Nikakwambia nilikuwa katika dua, nimezama. Ukanitazama. Nikaongeza kwamba usimwambie mama yako, atanirudisha kwa yule wa sindano. Ukasema sawa, na kweli hukumwambia. Ulikuwa mtoto mwaminifu. Kila nikikumbuka ile sawa yako, mkono wangu unaandika polepole.

Kisha ikaja ile Magharibi. Ustadh alikuwa amekwenda mazishini, watu wakatazamana nani atasalisha, na macho yote yakaniangukia mimi. Mtu mwenye akili angesema magoti yanamuuma. Mimi kichwa kilikuwa kimeshavimba, nikasogea mbele.

Rakaa ya kwanza ilikwenda. Katika ya pili nikasujudu, na ile pumzi ikaja, tamu, nikaishika. Unajua utaratibu: aliye nyuma ya imamu hainuki kabla ya imamu. Basi msikiti mzima ukabaki chini pamoja nami. Nilisikia feni. Nilisikia Mzee Kassim wa chai nyuma yangu, yule ambaye magoti yake yana umri mkubwa kuliko yeye, akianza kuguna. Mtu akasema "Subhanallah," taratibu, kama tunavyomkumbusha imamu aliyesahau. Akasema mwingine. Kisha wengi kwa pamoja. Mimi sikuwa nimesahau. Nilijua hasa niko wapi na kinachofuata ni nini. Nilikuwa naogopa.

Nikainuka nikakaa. Giza likaja. Nikafungua mdomo kutoa takbira, neno ambalo nimelisikia kabla sijajua jina langu, na halikuwepo. Nililitafuta, Rukia. Mdomo wangu ulikuwa wazi na watu wote nyuma yangu wanangoja sauti yangu ili wainuke, na ndani mwangu hamkuwa na neno. Halafu nikaanguka upande.

Wawili walikata swala wakanishika. Mzee Kassim akasogea mbele akaikamilisha. Hadi leo ananiambia aliiokoa swala yangu ila magoti yake hayakuokoka. Neno la kwanza kunirudia lilikuwa ndani ya gari, njiani kwenda hospitali. Ungedhani ni shahada. Nilisema, "Viatu vyangu."

Hospitalini Mzee Kassim ndiye aliyetoa maelezo. Alimwambia daktari kwamba huyu ni mcha Mungu, amezidisha ibada, mwili umechoka. Daktari alikuwa binti mdogo, mwenye macho ya mtu aliyekesha, akaandika. Mama yako alikuwa analia. Na wewe, na sare yako ya shule, ulisimama miguuni pa kitanda, ukasema:

"Si ibada. Baba hawezi kuinuka."

Yule daktari akaacha kuandika. Akakuuliza, ukamweleza yote: ukuta, jasho, ninavyolala nimeegemea mito, ninavyosugua vidole. Ulikuwa umeyaweka yote moyoni. Akanisikiliza kifua nikiwa nimekaa, akanilaza akasikiliza, akanigeuza ubavu akasikiliza tena. Akasema kuna sauti inakuja na kuondoka kulingana na nilivyokaa. Ndipo nikapelekwa kwenye kile kipimo wanachoita eko. Unapakwa jeli ya baridi kifuani, wanapitisha kitu kama kile cha kuangalia wajawazito, na moyo wako unauona kwenye kioo.

Nilikiona. Ndani ya chumba kimoja cha moyo kilining'inia kitu kama tonge la jeli, kwenye kikonyo, kinacheza. Moyo ukipiga kinaruka mpaka mlangoni, damu inapotakiwa kupita, kinaziba kidogo, kinarudi. Nikisimama kinaangukia mlango. Nikisujudu kinauachia. Daktari alisema si saratani, ni uvimbe tu, ila umechagua mahali pabaya pa kukaa. Vipande vidogo vilikuwa vinameguka na kwenda na damu, ndivyo vilivyofika kwenye vidole, na kwenye ubongo vikanifunga ulimi. Ile homa na yale magoti ulikuwa mwili wangu unagombana na mgeni. Wote wale wasiojuana, kumbe walitoka nyumba moja.

Walinipasua wakakitoa. Mengine unayajua, hata ile aibu ya kunyolewa kifua ambayo mama yako huwasimulia wageni.

Usilolijua vizuri, kwa sababu nililisema haraka haraka kama nasali, ni alichosema daktari siku ya kuniruhusu. Alinitazama midomo. Akauliza hivi vidoa vyeusi nilizaliwa navyo, na nani mwingine katika ukoo anavyo. Nikamwambia mama yangu. Wewe hukumdiriki bibi yako Mwanaidi. Alianguka jikoni akiinama kuepua sufuria, hakuinuka, na watu wakasema ni jini, wengine wakasema ni kijicho. Daktari akasema wengi huota uvimbe huu bila sababu inayojulikana, lakini ziko familia chache zinazorithishana, na hizo mara nyingine huwa na alama kama hizi. Watoto wote wapimwe.

Ndugu yako Swaleh alipimwa, hana kitu, wala hana vidoa. Amechukua midomo ya mama yake na uvivu wangu.

Wewe unavyo. Midomoni, na kimoja kwenye kope la kushoto. Tangu ukiwa mchanga majirani wanasema ni urembo, nami nilikuwa nikijivuna kwamba umenifanana. Ulipotakiwa kwenda kupimwa ulikuwa na mtihani. Kisha ukawa na kozi ya hoteli. Kisha ukawa na Doha, na sasa ukiulizwa unasema umepita medikali, vile vipimo vya afya vya ajira. Ni kweli umepita. Walipima damu na wakapiga picha ya kifua. Kile kipimo cha kioo, cha kuutazama moyo ukicheza, hawakukifanya, kwa sababu hakuna aliyewaambia kuna sababu. Na wewe hukuwaambia.

Sikulaumu. Umesoma hapo juu jinsi nilivyoficha ugonjwa ili niitwe mcha Mungu. Wewe angalau unaficha kwa ajili ya mshahara.

Ningeweza kuvumilia, Rukia, lau si juzi. Nilipita mlangoni kwako ukisali Adhuhuri. Ulikuwa umesujudu. Nikaenda kunywa maji, nikarudi, ulikuwa bado umesujudu. Nikasimama pale kwenye korido kama mwizi. Ulipoinuka uliweka mkono juu ya kitanda, ukakaa, ukafumba macho, kisha ndipo ukatoa salamu. Nikakuuliza baadaye, kwa mzaha, nikijaribu kuuweka ule mzaha sawa usoni. Ukanijibu, "Nilikuwa naomba dua ya safari, baba."

Inawezekana ni kweli. Ndilo linalonitesa. Mtoto anayeondoka kwao kwa mara ya kwanza ana haki ya kusujudu mpaka jua litue. Baba mwingine angekuona hivyo akamshukuru Mungu kwa malezi mema. Mimi nilisimama pale na sikujua kama nimemwona binti yangu akiomba, au akitafuta pumzi. Nimeharibiwa macho. Nimeona unapanga mito miwili, nikasema labda shingo. Nimeona ulivyoshika meza ulipoinuka kutoka kupiga pasi. Jana jioni ulikuwa na joto, ukasema ni vumbi la Gikomba. Kila moja lina jibu lake, na majibu yote ni mazuri. Yangu pia yalikuwa mazuri.

Nimefikiria kumpigia yule ajenti wako. Jana namba yake ilikuwa tayari kwenye simu, kidole juu yake. Neno moja tu kuhusu moyo, na jina lako linatoka kwenye orodha, linaingia la msichana mwingine. Ningekupata nyumbani, salama, ukiwa hunisemeshi. Na kama moyo wako ni mzima, ningekuwa nimekuvunjia maisha kwa sababu ya dua. Nikaiweka simu chini. Sijui kama ilikuwa heshima au woga. Mara nyingi kwangu mimi hivyo viwili huvaa kanzu moja.

Wala sitakudanganya kwamba ukipimwa hakuna utakachopoteza. Wakikuta kitu, kesho hupandi ndege. Hao wa Doha hawatakungoja. Utakaa wodini, watakupasua hapa katikati, utakuwa na kovu ambalo utalichukia, na utamwangalia baba yako na kusema ameniambukiza ugonjwa wake na bado amenilia safari. Utakuwa na haki ya kusema hivyo. Nitakaa nisikilize.

Nilichojifunza mimi si kikubwa. Watu hudhani ukipasuliwa moyo unatoka malaika. Nimetoka na swala zilezile za mbio, ila sasa Ustadh akiniona nimewahi mlangoni hufurahi. Nilichojifunza ni kwamba yule mtu niliyekuwa nikimlinda, Sheikh Athumani wa sijda ndefu, hakuwepo. Nilimlisha pumzi zangu miezi na miezi, na nilipoanguka hakunishika. Alinishika mtoto aliyesema ukweli mbele ya wazee. Mtoto huyo ulikuwa wewe. Namtaka yule mtoto. Sijui amekwenda wapi, na nashuku ni mimi niliyemfundisha kunyamaza.

Sasa jambo lenyewe. Nimekuombea nafasi ya kipimo kesho asubuhi, pale pale nilipopimwa mimi. Ndege yako ni ya usiku. Hakiumi, na majibu wanakupa ukiwa bado unajifuta jeli. Baada ya Alfajiri nitakaa sebuleni. Ukitoka na baibui lako, tutakwenda. Ukitoka na kikombe cha chai ukaketi, nitaelewa, nitakunywa chai nawe, na jioni nitabeba begi lako hadi uwanja wa ndege na kukuchekesha njia nzima. Sitampigia mtu.

Ila ukichagua chai, nipe kitu kimoja. Siku utakayoinuka huko na taa zikazimika, au vidole vikatoka vidoa, au ukafungua mdomo ukakuta neno halipo, usimwambie mtu kwamba umechoka. Nenda kwa daktari yeyote, sema: baba yangu alitolewa uvimbe moyoni, na mimi nina alama zake. Basi. Liseme hata kama kazi itakwenda.

Mama yako ameuliza naandika nini kirefu hivi. Nimemsomea. Yote, pamoja na pale nilipokwambia usimwambie. Amekaa kwenye kiti hiki cha pili, hajalia, hajanikaripia. Amesema tu, "Kumbe mtoto alijua kabla yangu." Kisha ameinuka na kwenda kupiga pasi baibui lako jeusi, lile la kutokea, na ameliangika mlangoni kwako. Sikumwambia afanye hivyo.

Nasikia lango la chini. Ni hatua zako, nazijua. Umesimama kwenye ngazi, katikati, kama unavyosimama siku hizi. Nakungoja uanze tena kupanda.

Barua hii sitaichomeka kwenye begi, uisome ukiwa juu ya mawingu na huwezi kushuka. Nakupa mkononi, sasa hivi, ukifika.

Baba yako,
Athumani